Mkwe, Kamusi na Dodoso

Katharine Cook Briggs wa Washington alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alipomleta nyumbani mchumba wake, mama alibaki na kitendawili. Kijana alikuwa na adabu, alisomea sheria, na hakuwa na kasoro ambayo mtu angeweza kuitaja. Ila hakufanana na mtu yeyote wa nyumba ile. Akina Briggs walikuwa watu wa mawazo mapana na ndoto. Clarence Myers alikuwa mtu wa mambo yanayoshikika, mpangilio na ushahidi. Mama mkwe mwingine angenong'ona jikoni, yakaisha. Huyu alikwenda kwenye vitabu kutafuta jibu.

Harusi ilifungwa mwaka 1918. Katharine, aliyependa kusoma wasifu wa watu mashuhuri, akaendelea kuwagawa wanadamu katika mafungu kufuatana na jinsi wanavyofikiri na kuamua mambo. Mwaka 1923 kitabu cha Carl Jung, tabibu wa akili wa Uswisi, kuhusu aina za watu kikatoka kwa Kiingereza, miaka miwili baada ya kuchapishwa kwa Kijerumani. Katharine alikisoma akaona kuna mtu aliyemtangulia na kufika mbali zaidi. Inasimuliwa kwamba alizichoma karatasi zake mwenyewe. Tangu hapo Jung akawa mwalimu wake.

Katika kitendawili hicho cha mkwe ndimo lilimozaliwa dodoso maarufu la haiba linaloitwa Myers-Briggs. Mamilioni ya watu duniani wamelijaza, kazini, vyuoni na kwenye semina za viongozi, na kila mmoja akatoka na herufi nne anazoambiwa kuwa ndizo picha ya nafsi yake. Nakala zake za bure, nyingi zikiwa za kuigiza tu, zimetapakaa kwenye simu. Vijana huulizana herufi zao kama zamani watu walivyoulizana nyota. Kabla ya mtu kuzikubali herufi hizo, au kumpa mwenzake, inafaa ajue zilikotoka. Maana katika elimu hii ya kupima watu, kila kipimo kina mtu aliyetunga maswali yake, na maswali hayo aliyachota kwenye vinywa vya watu fulani.

Aliyeyatunga ya Myers-Briggs ni binti mwenyewe, Isabel. Hakuwa mwanasaikolojia. Chuoni alisoma sayansi ya siasa, kisha akaandika riwaya ya upelelezi iliyompatia tuzo. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto na wanawake wengi wa Marekani wakaanza kufanya kazi walizokuwa hawajawahi kuzifanya, Isabel aliamini kwamba mafundisho ya Jung yangeweza kumsaidia kila mmoja kupata kazi inayomkaa. Alijifunza utungaji wa vipimo kwa Edward Hay, ofisa utumishi wa benki moja ya Philadelphia, akaanza kuandika maswali, kuyajaribu kwa watu aliowafahamu, kuyafuta na kuyaandika upya. Katika miaka ya 1950 alikuwa amewapima wanafunzi wa udaktari zaidi ya 5,000. Ni kazi ya ajabu kwa mtu asiye na chuo nyuma yake.

Dodoso lake huuliza mambo manne, na kila moja lina pande mbili. Je, mtu hupata nguvu akiwa na watu au akiwa peke yake? Huamini zaidi anachokiona na kukigusa, au maana iliyojificha nyuma yake? Akiamua jambo, hutanguliza hoja au hutanguliza hisia za wahusika? Hupenda mambo yaliyopangwa na kumalizwa, au huacha mlango wazi? Kila jibu hutoa herufi moja, na herufi nne zikiunganishwa hupatikana aina 16 za watu. Isabel mwenyewe alijihesabu kuwa INFP, na mumewe ISTJ. Mke na mume walitofautiana kwa herufi tatu kati ya nne, na pengine ndiyo maana mama mkwe alipata shida.

Uzuri wa kazi ya Isabel unaonekana ukilinganisha na vipimo vilivyokuwapo wakati wake. Dodoso la kwanza la aina hii, lililotungwa na Robert Woodworth wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lilikuwa na maswali 116 ya ndiyo na hapana, na nia yake ilikuwa kuwabaini askari ambao akili zao zingevunjika kwa mishindo ya mizinga. Mwaka 1943 Chuo Kikuu cha Minnesota kilichapisha dodoso refu la kutambua maradhi ya akili, ambalo toleo lake la mwaka 1989 lina sentensi 567, baadhi zikiwa zimetegwa ili kumkamata anayedanganya. Hicho ni chombo cha hospitali, na anayekisoma lazima awe mtaalamu aliyefunzwa. Vyombo hivi vyote vilitafuta ubovu. Isabel alitafuta tofauti. Katika aina zake 16 hakuna iliyo mbaya. Mkimya si mgonjwa, na anayependa utaratibu hana moyo mgumu. Wanandoa wengi na wafanyakazi wengi waliokaa mezani na matokeo yao wakasema, "Kumbe hanidharau, ndivyo alivyo," wanadaiwa shukrani na Isabel.

Lakini fadhila za mtungaji haziwezi kuficha kasoro ya chombo.

Tufikirie urefu. Mtu akisimama sokoni Kariakoo na kusema kwamba kila aliyezidi sentimeta 165 ataitwa mrefu na kila aliyepungua ataitwa mfupi, atapata mafungu mawili safi. Ila mwenye 164 na mwenye 166, ambao huwezi kuwatofautisha kwa macho, watakuwa watu wa aina mbili, na yule wa 166 atawekwa fungu moja na mwenye 190. Tatizo la herufi ndilo hilo. Walio wachangamfu kabisa ni wachache na walio wakimya kabisa ni wachache. Wengi wako katikati, na dodoso huwakata katikati hapo hapo. Ndiyo maana watu wengi wakilijaza tena baada ya majuma machache, angalau herufi moja hubadilika. Mwanasaikolojia David Pittenger, alipopitia tafiti za dodoso hili mwaka 1993, alionyesha kwamba kiasi cha nusu ya watu wanaweza kuangukia aina nyingine baada ya majuma matano tu. Mtu hajabadilika. Alikuwa amesimama mpakani, na safari hii mguu umeangukia upande wa pili. Jung mwenyewe, ambaye dodoso limejengwa juu ya mawazo yake, hakuamini kwamba yupo mtu wa upande mmoja tu.

Basi kwa nini karibu kila mtu husoma matokeo yake na kutikisa kichwa kwa kukubali? Jibu lilipatikana darasani mwaka 1948. Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapa wanafunzi wake 39 dodoso la haiba, na juma moja baadaye akamkabidhi kila mmoja maelezo ya tabia yake, akiwaomba wayape alama kuanzia sifuri hadi tano kwa jinsi yalivyopatia. Wastani ulikuwa 4.26. Kisha akawafichulia: wote walikuwa wamepewa karatasi moja ileile, na sentensi zake nyingi alizitoa katika kitabu cha nyota kinachouzwa barabarani. Maneno yenyewe yalikuwa ya kila mtu: kwamba una uwezo ambao bado hujautumia, kwamba kwa nje unaonekana imara huku ndani ukiwa na wasiwasi. Aliyewahi kupigiwa ramli ataifahamu ladha yake. Kuridhika kwa msomaji, kwa hiyo, si ushahidi kwamba kipimo kimemwona yeye.

Njia ya pili ya kupima haiba ilianzia kwenye kamusi, na haikuhitaji nabii kama Jung. Wazo lake ni jepesi na lina akili: tofauti za watu zinazotugusa katika maisha, wanadamu wameshazipa majina. Jirani mchoyo, fundi mvivu, shangazi mkarimu, bosi mwenye hasira. Kama sifa ina uzito, kuna neno lake. Francis Galton wa Uingereza alidokeza hivyo mwaka 1884. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza wakatoka na maneno 17,953 yanayoweza kumtofautisha mtu na mwenzake. Kati ya hayo, kama 4,500 yalihusu tabia zinazodumu.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya hesabu. Ukiwaomba watu mia kadhaa wawapime wenzao kwa maneno hayo, utaona kwamba mengine hutembea pamoja. Anayeitwa msemaji mara nyingi huitwa pia mchangamfu. Anayeitwa mzembe mara nyingi huitwa msahaulifu. Mwaka 1961 watafiti wawili wa jeshi la anga la Marekani, Ernest Tupes na Raymond Christal, walichanganua takwimu za makundi kadhaa na kila mara wakakuta mafungu yaleyale matano. Ripoti yao ilibaki kwenye makabati ya jeshi. Ilipochapishwa katika jarida la kisayansi ilikuwa mwaka 1992. Wakati huo wengine walikuwa wamefika hapo kwa njia zao, na Lewis Goldberg alikuwa ameshayapa mafungu hayo jina la Matano Makubwa.

Kwa Kiswahili cha kawaida, matano hayo ni uchangamfu, ukunjufu wa moyo kwa wengine, bidii yenye utaratibu, wepesi wa kupatwa na wasiwasi na huzuni, na udadisi wa mawazo mapya. Hapa hakuna herufi. Kila mtu hupewa nafasi yake juu ya mstari, na mstari huo haukatwi. Mtu anaweza kuwa katikati, akaambiwa hivyo, na hilo likawa jibu kamili.

Madodoso marefu huenda ndani zaidi. Lile la Paul Costa na Robert McCrae la mwaka 1992 lina sentensi 240, na kila fungu kati ya matano limegawanywa katika sehemu sita, jumla 30. Faida yake huonekana ukiwafikiria wauguzi wawili ambao dodoso fupi lingewaita wote wachangamfu kwa alama zilezile. Wa kwanza ana joto la kibinadamu: wagonjwa humwita kwa jina, naye hukumbuka majina ya wajukuu wao. Lakini ukimpa zamu aiongoze, anatafuta pa kujificha. Wa pili hana muda wa soga. Sauti yake husikika tangu mlangoni, kitanda kinahamishwa, dawa inapatikana, na dharura ikitokea kila mtu anamtazama yeye. Uchangamfu wa mmoja ni upendo wa watu, wa mwingine ni uwezo wa kushika hatamu. Anayewapangia kazi kwa alama ya jumla atawaumiza wote wawili, na wagonjwa pia. Uchambuzi wa kina una thamani pale unapomtenga mtu na jina la jumla alilobandikwa.

Je, alama hizi zinatabiri chochote? Kwa kiasi, ndiyo. Mwaka 1921 Lewis Terman alianza kuwafuatilia watoto wa California wapatao 1,500, na wazazi na walimu wakaulizwa kuhusu tabia zao. Miongo saba baadaye, mwaka 1993, Howard Friedman na wenzake walionyesha kwamba wale waliotajwa utotoni kuwa waangalifu na wa kutegemewa waliishi muda mrefu zaidi. Kazini nako, Murray Barrick na Michael Mount walikusanya tafiti 117 mwaka 1991 wakaona bidii yenye utaratibu ndiyo sifa pekee iliyohusiana na utendaji katika kila aina ya kazi waliyoichunguza. Uhusiano huo upo, ila ni mdogo. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya mfanyakazi na mfanyakazi hutokana na mambo mengine: ujuzi, msimamizi, mshahara, usingizi, mtoto anayeumwa nyumbani. Mwajiri anayemnyima mtu kazi kwa sababu ya dodoso peke yake anadai zaidi ya kile sayansi inachoweza kutoa. Wachapishaji wa Myers-Briggs wenyewe wanasema chombo chao kisitumike kuajiri. Inasikitisha kwamba wapo wanaokitumia hivyo bado.

Jambo hili linawagusa wazazi pia. Nchini Kenya, mwanafunzi anayeingia sekondari ya juu katika mfumo wa umilisi huchagua njia moja kati ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mzazi mwenye wasiwasi anaweza kushawishika kulipia kipimo kitakachomwambia mwanawe ni mtu wa aina gani. Akumbuke kwamba mwaka 1991 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia ushahidi uliokuwapo kuhusu Myers-Briggs na likaona hautoshi kuhalalisha matumizi yake katika ushauri wa kazi. Na mtoto wa miaka 15 bado yuko njiani. Wahenga walisema tabia haina dawa. Uchunguzi wa miaka mingi unaikubali nusu tu ya kauli hiyo. Tafiti za mapacha huonyesha kwamba karibu asilimia 40 hadi 50 ya tofauti za haiba hutokana na urithi wa damu, na mtu mzima mchangamfu kwa kawaida hubaki mchangamfu kuliko wenzake. Hata hivyo, Brent Roberts na wenzake walipounganisha makundi 92 yaliyofuatiliwa kwa miaka, waliona watu wakizidi kuwa waangalifu na watulivu umri ulivyosonga, na mabadiliko makubwa zaidi yalitokea kati ya miaka 20 na 40, wakati mtu anapopata kazi na kuwa na familia.

Yote haya yamejengwa juu ya maneno ya Kiingereza na watu wa nchi tajiri. Yakisafirishwa, hutokea nini?

Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walichapisha matokeo ya watu wazima 632 wa jamii ya Tsimane, wawindaji na wakulima wa misitu ya Bolivia. Matano Makubwa hayakuonekana. Yalijitokeza mafungu mawili makubwa, moja la kuishi vizuri na watu na jingine la kujituma. Mwaka 2019 Rachid Laajaj, Karen Macours na wenzao walichanganua majibu ya watu zaidi ya 94,000 wa nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwamo, waliohojiwa ana kwa ana. Maswali yaliyotungwa kupima sifa moja hayakushikamana. Sababu mojawapo ni ya kibinadamu kabisa, na kila aliyewahi kufanya kazi ya udodosaji kijijini anaifahamu: mgeni ameketi na karatasi yake, mwenyeji anataka kumpokea vizuri, basi kila swali hujibiwa ndiyo. Je, wewe ni mchapakazi? Ndiyo. Je, wewe ni mvivu wakati mwingine? Ndiyo pia. Heshima kwa mgeni imegeuka kuwa alama ya haiba.

Kisha kuna tafsiri. Madodoso ya Kiingereza yana sentensi inayomwuliza mtu kama yeye ndiye uhai wa sherehe, na nyingine inayotaja rangi ya buluu kwa maana ya huzuni. Zikihamishwa neno kwa neno, mjibuji wa Tabora atabaki akimtazama mdodosaji. Na hata pasipo nahau, maneno yetu hayakukatwa kwa mkasi uleule. Mpole ni mtu asiye na ukali, lakini hapo hapo tunamfikiria kuwa mtaratibu na asiyesema sana. Sifa ambazo Kiingereza huzigawa katika mafungu mawili, sisi tumezifunga katika neno moja. Mwalimu mkali ni wa kuogopwa, fundi mkali ni wa kutafutwa. Mjanja anaweza kuwa msifiwa au mshitakiwa, kutegemea nani anasema na kwa sauti gani. Ukimya nao hausimami kama ukosefu wa uchangamfu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mkimya wa barazani huhesabiwa kuwa na lake moyoni. Kiswahili kina vivumishi asilia vichache. Tabia tunaieleza kwa kumwita mtu kwa anachokitenda, msengenyaji, mchapakazi, mgomvi, au kwa alichonacho: ana roho nzuri, ana mkono wa birika, ni mtu wa watu. Harrun Garrashi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, ni miongoni mwa waliochunguza maneno ya tabia ya Kiswahili kwa kuanzia ndani ya lugha yenyewe, na ugumu huu wa vivumishi walikutana nao uso kwa uso.

Neno "tabia" lenyewe lina safari yake. Limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya maumbile, na lilisafiri pamoja na utabibu wa Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya pili, uliohifadhiwa na kuendelezwa na matabibu kama Ibn Sina. Kwao mwili ulikuwa na maji manne, na wingi wa moja ulimfanya mtu mcheshi, mwingine mkali, mwingine mzito, mwingine mwenye huzuni. Balghamu tunayoitaja tukikohoa ni moja ya hayo manne. Waswahili wa pwani walikuwa na nadharia ya haiba ya kigeni vinywani mwao karne nyingi kabla ya herufi za Isabel.

Afrika Kusini imejaribu kuanza upya kabisa. Watafiti wa mradi wa kutunga kipimo cha haiba cha nchi hiyo waliwahoji watu zaidi ya 1,200 katika lugha zote 11 zilizokuwa rasmi wakati huo, wakiwaomba waeleze kwa lugha ya mama watu wanaowafahamu: mzazi, rafiki, jirani, mwalimu. Walipoyapanga maelezo hayo, mwaka 2012, walipata mafungu tisa. Uchangamfu ulikuwamo, na bidii, na utulivu wa moyo. Lakini yalikuwamo pia kupatana na watu, huruma, uadilifu, na moyo wa kuwaongoza na kuwainua wengine. Sehemu kubwa ya kile watu walichokiona kwa wenzao ilihusu jinsi mtu anavyoishi na watu. Kwa msomaji anayejua uzito wa neno utu, hilo halishangazi. Linaloshangaza ni kwamba ilichukua muda mrefu hivyo kuuliza.

Karibu zaidi na nyumbani, Amber Thalmayer, Gerard Saucier, Leonard Ole-Kotikash na Doris Payne walichukua maneno zaidi ya 200 ya lugha ya Kimaa, wakawaomba Wamaasai wa Kenya na Tanzania wayatumie kuwaeleza watu wanaowafahamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Fungu lililotangulia yote lilikuwa la wema na maadili ya mtu. Yalifuata mambo kama udhaifu, ujasiri na majivuno. Mtu akimpima Mmaasai kwa dodoso la Costa na McCrae atapata namba, na namba hizo zitachapishika vizuri. Ila atakuwa ameuliza mambo ambayo jirani wa mtu huyo hayaweki mbele, na ameacha lile analoliweka mbele.

Kuna jambo jingine ambalo madodoso mengi huliacha. Mwaka 1968 Walter Mischel alitikisa fani nzima kwa kuonyesha kwamba tabia ya mtu mahali pamoja haitabiri sana tabia yake mahali pengine. Baadaye, pamoja na Yuichi Shoda, aliwafuatilia watoto katika kambi ya majira ya joto Marekani, wakaandika kila mmoja anafanya nini katika hali ipi. Wapo watoto waliokuwa na jumla sawa ya ugomvi, lakini mmoja aliwaka anapokaripiwa na mkubwa, mwingine anapokaribiwa na mwenzake. Mpangilio huo wa "ikiwa hivi, basi vile" ulijirudia kama alama ya kidole. Alama moja ya jumla ingewafanya wafanane.

Tena, nani aulizwe? Brian Connelly na Deniz Ones walikusanya tafiti nyingi mwaka 2010 wakaona kwamba ukitaka kutabiri utendaji wa mtu kazini, maelezo ya wanaomfahamu hushinda maelezo yake mwenyewe, hasa wakiwa zaidi ya mmoja. Mtu anajua vizuri wasiwasi wake wa ndani kuliko yeyote. Uzembe wake, ukarimu wake na hasira zake wanazijua zaidi wanaoishi nazo.

Hilo familia za pwani na bara zimelijua siku zote, nazo zimelitumia katika jambo lilelile lililomsumbua Katharine Briggs. Barua ya posa ikishapokelewa, upande wa binti hautegemei kijana ajieleze. Hutumwa mtu mzima, mara nyingi mjomba au rafiki wa familia asiyejulikana mtaani, akaenda alikokulia kijana. Hupitia dukani, hupitia kwa jirani, huketi na mzee wa msikitini au wa kanisani. Haulizi kama kijana ni mpole, maana jibu analijua. Huuliza, "Akikopa sukari, huja kulipa mwenyewe au hutuma mtoto?" "Mama yake alipolazwa, nani alikuwa akilala hospitali?" "Akishindwa kwenye bao, huwaje?" Kisha hunyamaza, na kumwachia mwenye duka muda wa kukumbuka.